Nguvu ya mwili hainunuliwi kwa mwezi

Leo tuache kidogo mambo ya mahari na ya masomo ambayo tunazungumuza mara nyingi kwenye ukurasa huu, tuongee juu ya hema hili tunalotembea nalo kila siku, ni kusema mwili.

Vijana watatu wa kwaya walikuja kwangu kisha ibada. Mumoja alikuwa ameshika karatasi ya matangazo ya sale mupya ya mazoezi iliyofunguliwa kule muji. Juu ya karatasi kuna picha ya kijana mwenye kifua kama mulango, kuna vioo kila upande, kuna mashini ambayo mutu anakimbia juu yake saa nzima bila kufika pahali popote. Wakaniuliza: "Pasta, kanisa haliwezi kutusaidia? Ni dola 30 kwa mwezi, kila mutu." Niliangalia karatasi, nikaangalia viatu vyao, nikafanya hesabu. Feza hiyo, kwa nyumba nyingi za kanisa letu, ni unga wa bukari wa mwezi muzima. Niliwaambia nitajibu kisha. Jibu ni hili mnalosoma, na ninaliandika na haya kidogo, kwa maana siku ile mimi mwenyewe sikuwa mutu wa kumushauri mwenzake juu ya mwili.

Kilima cha makaburi

Mwezi wa kwanza tulizika muzee mumoja. Mvua ilikuwa imenyesha usiku wote, gari likakwama kwenye matope chini ya kilima, na vijana wakaamua kubeba sanduku kwa mabega mpaka makaburi, wakipokezana. Mimi sikubeba kitu isipokuwa Biblia. Nilifika wa mwisho. Nilifungua kinywa kusudi nisome, sauti haikutoka; nilikuwa ninapumua sawa mbuzi aliyefukuzwa, na shemasi akasoma pahali pangu. Njiani mama mumoja muzee, anayeuza makala muji, alikuwa amenipita na kitunga chake kichwani, akaniambia: "Pole Pasta, kaa kidogo, sisi tunatangulia." Watu walipoona macho yangu yamejaa maji walifikiri ni kilio. Sehemu moja ilikuwa kilio.

Juma lile nilienda kwenye kituo cha afya. Muuguzi akafunga kitambaa kwenye mukono wangu, akapompa, akasikiliza, akaandika: 16 kwa 10. Huo ni ugonjwa wa mukazo wa damu, ule sisi wote tunaita tansio. Akaniuliza: "Pasta, unatembea?" Nikajibu kwa haraka: "Sana! Jumatatu niko kwa wagonjwa, Jumanne niko kwenye kikundi cha maombi, Jumatano…" Akanikatiza: "Nauliza, unatembea na nini?" Nikanyamaza. Ninatembea na pikipiki. Ninaipanda mulangoni kwangu, ninashukia mulangoni kwa mugonjwa. Pale ninapewa kiti, soda ya baridi na mikate. Kisha ninapanda tena pikipiki.

Mutu mwenye afya anapashwa kuwa chini ya 14 kwa 9. Nawe musomaji, kama umepita miaka 35 na haujapimwa, kapimwe mbele ya kufikiria mazoezi yoyote. Tansio haigongi mulango. Inaingia, inakaa ndani miaka na miaka, na siku inaposema neno lake la kwanza, mara ingine ni neno la mwisho.

Mabisi ya London

Kuna habari moja ambayo ningependa kila baba wa kambi aijue. Kisha vita ya pili ya dunia, munganga mumoja wa Uingereza, jina lake Jerry Morris, alitaka kujua sababu ya magonjwa ya moyo kuongezeka. Aliangalia wafanyakazi wa mabisi ya London, yale mekundu yenye gorofa mbili. Kwenye kila bisi kulikuwa watu wawili: shofere anayekaa kwenye kiti siku nzima, na mukata-tikiti anayepanda na kushuka ngazi siku nzima, mamia ya ngazi kila siku ya kazi. Kampuni ni moja, muji ni umoja, mushahara haukuachana sana. Morris na wenzake walifuata habari za wanaume karibu 31,000, wenye miaka 35 mpaka 64, na mwaka 1953 wakatangaza walichoona: wakata-tikiti waliugua moyo kidogo kuliko mashofere, na kifo cha gafula kiliwapata kidogo zaidi.

Watu walibisha, sawa vile watu wanabisha siku zote. Wakasema: labda wanaochagua kuwa mashofere ni wanene tangu mwanzo. Morris akaenda kutafuta vipimo vya suruali ambazo kampuni iliwashonea, na kweli, viuno vya mashofere vilikuwa vikubwa zaidi. Lakini hata shofere mwembamba alikuwa katika hatari kuliko mukata-tikiti mwenye kiuno sawa na chake. Ile ngazi ilikuwa dawa. Hakuna aliyeilipia, na hakuna aliyejua kwamba anaitumia. Morris mwenyewe alikufa mwaka 2009, akiwa na miaka 99.

Sasa nilete habari hiyo kwetu. Shemasi mumoja wa kanisa letu anaendesha mashini kubwa ya kubeba udongo kwenye mugodi. Ukiiona kutoka chini unafikiri ni nyumba yenye magurudumu. Alikuwa anafanya masaa 12 juu ya kiti. Bisi ya kazi ilimuchukua karibu na mulango wake, ikamurudisha karibu na mulango wake. Kula vizuri alikuwa anakula, mushahara uliruhusu. Siku moja, akiwa na miaka 42, wakati wa kushuka ngazi ya mashini, muguu wa kushoto ulikataa. Akafikiri umelala tu. Kisha mukono nao ukakataa, na kinywa kikaenda upande. Mushipa wa damu ulikuwa umeharibika ndani ya kichwa. Hakufa, Mungu asifiwe, lakini leo anatembea na fimbo, na mutoto wake wa mwisho anamufunga kamba za viatu.

Wakambo wetu walioanza kazi ya shaba hawakujua kiti. Shaba ya kwanza ilitoka kwenye tanuru la Lubumbashi mwaka 1911, na wakati ule sururu, kipau na mabega ndiyo yalikuwa mashini. Kazi ile ilivunja watu, tusiiimbe sawa wimbo muzuri. Wengi walizeeka mbele ya wakati, wengine hawakuzeeka hata kidogo. Leo tumetoka upande ule, tukaenda mpaka upande mwengine: mwanaume anahamisha tani mamia kwa siku moja, na mwili wake haukuhama hata metre hamsini.

Kila kazi inakula yake

Hapa ndipo siachi kubishana na ile karatasi ya matangazo. Sale ya mazoezi inatoa dawa moja kwa watu wote. Lakini kila kazi inakula sehemu moja ya mwili na kuacha ingine ilale. Jiulize kwanza: kazi yangu inaninyima nini? Kile inachokunyima, ndicho unapashwa kukitafuta.

Wewe shofere, wewe mulinzi wa getini, wewe wa ofisi, wewe fundi wa kushona, wewe mwalimu wa kuketi, na mimi pasta wa pikipiki: kazi inatunyima miguu na pumzi. Sisi tutembee.

Na ninyi wazee. Kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi Gécamines katika ule mupango wa kuondoka kwa hiari. Walikuwa watu waliozoea kuamka mbele ya jua, na gafula asubuhi haikuwa na king'ora tena. Kwenye kambi nyingi bado unawaona, wao na waliowafuata, chini ya muembe, na kiti, na redio. Siwalaumu. Ninasema tu kwamba mwili wa muzee ukikaa, kwanza unasahau usawa, na muzee anaanguka, na mufupa wa kiuno ukivunjika kitanda kinamuchukua. Tata, simama kwa muguu mumoja ukishika ukuta, hesabu mpaka kumi, badilisha muguu. Fanya hivyo kila asubuhi ukingoja chai. Wajukuu wako watacheka. Waache wacheke, kisha uwaambie wafanye nao, tuone.

Lakini kuna ndugu zetu wengine, na hawa ni wengi kwetu kuliko mashofere. Ni wachimbaji wa mikono, wenye kushuka kwenye mashimo na kupanda na mufuko wa madini mugongoni. Ni mama na mabinti wanaoinama kwenye maji kutwa wakisafisha mawe. Kwa hawa siwezi kusema "fanyeni mazoezi" bila kuona haya. Mutu aliyebeba mifuko ya kilo hamsini tangu asubuhi, ukimuambia akimbie jioni, unamuongezea mateso. Kinachokosa kwake si kazi ya mwili. Yeye anakosa pumziko, maji safi, chakula, usingizi, na mugongo ulionyooka. Kwake "zoezi" ni mambo madogo: akiinua muzigo, akunje magoti na kuuleta karibu na tumbo, asiinue kwa mugongo ulioinama huku akijigeuza. Akirudi nyumbani alale chali dakika kumi, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Na Siku ya Bwana apumzike kweli. Amri ya Sabato iliwahesabu pia mutumishi na mifugo, soma Kutoka sura ya 20. Kijana anayebeba mufuko juma zima, kisha Jumapili mchana anaenda kuinua vyuma kusudi kifua kionekane, huyo anachimba shimo ndani ya mwili wake mwenyewe.

Mama wa nyumbani ana hesabu yake. Watu wanasema: "Bamama bana sipoti yabo, beko banachota maji, banatwanga." Ni kweli kwa sehemu. Bido moja ya manjano iliyojaa ni kilo 20 za maji, na mama anayeichota mara nne kwa siku hahitaji mutu wa kumufundisha nguvu. Lakini siku hizi kwenye nyumba zingine bomba liko uwanjani, unga unasagwa kwenye mashini, na mama anauza kwenye meza masaa kumi bila kuondoka kwenye kibao. Huyo naye yuko sawa shofere. Na hapa nina neno kwa waume: kama mama ndiye anayebeba maji yote, na wewe unatafuta dola 30 za sale kusudi upate mikono, bido iko jikoni.

Namna ya kuanza

Shirika la Afya la dunia, OMS, mwaka 2020 lilitoa kipimo kwa mutu mukubwa: dakika 150 mpaka 300 kwa juma za mwendo wa kati, na siku mbili au zaidi za kukaza nyama za mwili. Dakika 150 zinaogopesha ukizisoma, lakini ni nusu saa kwa siku, siku tano. Zamani walisema ni lazima utembee dakika kumi bila kukatisha ndipo ihesabiwe. Sharti hilo wameliondoa. Ukishuka kwenye taksi mbali kidogo ya nyumba, inahesabiwa. Ukipeleka mutoto masomoni kwa miguu, inahesabiwa kwako na kwake. Watoto tangu miaka 5 mpaka 17 wanapashwa saa nzima kila siku, na kwao haihitaji mwalimu, inahitaji tu tusiwafukuze uwanjani. Mabinti wana michezo ya kuruka na kupiga makofi, ile wanaita nzango. Mwaka 2015 iliingia mpaka kwenye Michezo ya Afrika huko Brazzaville, ikaonyeshwa mbele ya mataifa. Mama anayemuambia binti yake "acha kurukaruka, wewe ni mwanamuke," amunyang'anya dawa.

Utajuaje kama mwendo wako ni wa kati? Wanakwaya, sikilizeni. Ukitembea na unaweza kuimba wimbo wote bila shida, uko unatalii tu, ongeza mwendo. Ukiweza kuongea na mwenzako lakini kuimba kunakushinda, hapo ndipo. Ukishindwa kusema hata maneno matatu, umezidisha, punguza. Hakuna saa wala mashini inayohitajika.

Mimi nilianza na dakika kumi. Ninasema kumi, maana siku ya kwanza nilitaka kuonyesha moyo, nikakimbia mpaka soko, na siku tatu nilizofuata nilipanda kwenye mimbara sawa mutu aliyepigwa. Usifanye hivyo. Juma la kwanza dakika kumi, juma la pili kumi na tano, pole pole mpaka nusu saa. Nusu saa ikiwa nyepesi, tafuta kilima.

Chagua njia na saa. Kwetu hili si jambo dogo. Barabara kubwa inapita kamio za madini na za asidi mchana na usiku, na wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa, vumbi linasimama sawa ukuta. Kupumua kwa nguvu ndani ya vumbi lile ni kuharibu mapafu kwa jina la afya. Tembea asubuhi saa 6, mbele ya kamio kuamsha vumbi, na kwenye njia za ndani. Wakati wa mvua angalia mifereji. Mabinti na mama watembee kwa kikundi, si peke yao gizani. Kama njia zote ni mbaya, zunguka kanisa. Niliipima nyumba yetu ya ibada kwa hatua zangu: mizunguko kumi ni karibu kilometre moja. Uwanja wa Bwana haukatazi viatu vya kutembea.

Kuhusu viatu: vijana wataniambia Abebe Bikila wa Etiopia alishinda marato ya Roma mwaka 1960 bila viatu. Ndiyo, alishinda, na watu wote wakamujua tangu siku ile. Lakini yeye hakupita nyuma ya garaji zetu, kwenye misumari na chupa zilizopasuka. Raba za mitumba zinatosha. Sapatu ya plastiki hapana, inateguka na muguu unateguka nayo.

Nguvu ya mikono na kifua, ile vijana wanatafuta, nayo haihitaji kioo. Nyama ya mwili haijui kama chuma kimetoka ng'ambo ao kama ni bido ya mama. Inajua tu kwamba kuna uzito, na kwamba kila juma unaongezeka kidogo. Anza pompe kwa kusimama mbele ya ukuta, mikono ukutani, ukijisukuma. Ukifanya kumi na tano bila kuhangaika, weka mikono kwenye ukingo wa benchi ya kanisa. Ukishinda benchi, shuka chini. Kwa miguu, kaa kwenye kiti na kusimama bila kushika kitu, mara kumi, pumzika, rudia. Jaza bido nusu, kilo 10, uibebe kwa mukono wa kulia mpaka mwisho wa uwanja, urudi nayo kwa wa kushoto, mugongo umenyooka. Tawi nene la muembe ni chuma cha kujiinulia, lakini ulijaribu kwanza kwa kuning'inia, usije ukatuletea kilio. Siku mbili au tatu kwa juma, si kila siku: nyama inajengwa wakati wa kupumzika. Kisha majuma sita mpaka nane utaona. Na anayekuahidi kifua kwa majuma mawili, na vidonge au shindano zisizojulikana, huyo anauza ugonjwa.

Nisisahau historia moja kwa wapenda mupira. Timu ya TP Mazembe, ambayo mwaka 2010 ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya vilabu vya dunia, ilizaliwa mwaka 1939 kwenye masomo ya mapadri wa Benedikto hapa Lubumbashi. Mimi ni Muprotestanti, lakini ukweli ni ukweli: mapadri walitoa mupira na uwanja wa udongo, mengine yakafuata.

Je, Mukristo anaruhusiwa?

Wako wanaonijibu na Timoteo wa Kwanza, sura 4, mustari 8: mazoezi ya mwili yana faida kidogo. Ninaupenda mustari ule, na kwa miaka mingi nilijificha nyuma yake. Lakini Paulo alisema kidogo, hakusema bure. Franka kidogo nawe unaziokota. Tena ukitaka kujua Paulo aliishi namna gani, usome Matendo ya Mitume sura 20, mustari 13. Wenzake walipanda mashua kutoka Troa kwenda Aso. Nafasi kwenye mashua ilikuwako. Yeye akaamuru wamungojee kule, akaenda kwa miguu. Ni njia ya kilometre zaidi ya 30, na usiku uliotangulia alikuwa amehubiri mpaka mapambazuko, ule usiku Eutiko alipoanguka dirishani. Luka hatuelezi sababu. Mimi sina mashua, nina pikipiki, na kila nikiusoma mustari ule pikipiki inaniangalia.

Mama mumoja wa kikundi cha wamama aliniuliza jambo ambalo si la Timoteo: "Pasta, mi siwezi kuvaa pantalo mbele ya batu. Na watasema mama wa kanisa anakimbia, anakimbia nini?" Nilimujibu kwamba kikwembe kilichofungwa vizuri hakizuii kutembea haraka, na mabibi zake walitembea nacho mpaka mashamba ya mbali. Watu watasema juma moja. Juma la pili watauliza mnaanza saa ngapi.

Maonyo machache. Mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi inayokatika kwa jambo dogo, asianze mbele ya kuonana na munganga. Mwenye sukari asitembee bila kula, na achunguze nyayo zake kila jioni. Mama mwenye mimba anaweza kutembea kama muuguzi hajamukataza. Mwenye vidonge vya tansio asiviache kwa sababu anajisikia muzuri. Anajisikia muzuri sababu ya vidonge. Na chumvi: OMS inasema isipite gramu 5 kwa siku, ni kusema kijiko kidogo cha chai kwa mutu, kukiwa ndani yake ile ya bitoyo na ile ya kibe cha mchuzi. Pima kwako uone.

Sisi tulianza mwezi wa tatu, Jumamosi saa 6 ya asubuhi, kuzunguka kanisa. Siku ya kwanza tulikuwa watano: vijana wale watatu, mimi, na shemasi wa fimbo. Shemasi alizunguka mara moja, ilimuchukua dakika ishirini, mutoto wake akimushika mukono. Sasa anafanya mizunguko minane, na fimbo anaishika zaidi kwa kutuelekezea sisi. Kufunga kamba za viatu bado hawezi. Mimi nilirudi kwa muuguzi kisha miezi minne: 14 kwa 9. Nilitaka anipongeze. Akasema: "Bado. Endelea, na vidonge pia."

Mama wa makala nilimualika aje atufundishe, maana hakuna kati yetu anayepanda kilima sawa yeye. Alicheka mpaka akatua kitunga chini. "Pasta, mi njo nitembee bule? Unibebeye kwanza makala." Watu walikuwa wanaangalia, basi nikabeba. Kwenye muti wa kwanza wa kilima nilimurudishia kitunga chake.